Ugonjwa Tulioubeba Begani

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2008, alasiri, na mama alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi ya futari. Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kumenya muhogo uliochimbwa asubuhi ile katika shamba letu la Mkuranga, na karai lilikuwa limejaa. Nilipoupasua muhogo wa kwanza, kisu kilikwama katikati kama kinavyokwama kwenye fundo la mti, na vipande viwili vilipoachana nikaona ndani ya nyama nyeupe madoa ya kahawia, makavu na magumu, yaliyotapakaa kuanzia chini ya ganda hadi karibu na kiini. Nikadhani ni huo mmoja. Wa pili ulikuwa vivyo hivyo, na wa tatu ulikuwa umeminyika katikati kana kwamba ulifungwa kamba ulipokuwa ukinenepa. Mama aliacha kukuna nazi, akachukua kipande mkononi, akakigeuzageuza bila kusema neno. Kisha akasema, "Lakini mihogo yenyewe ilisimama vizuri, mwanangu. Majani yamefunga, hata jua halifiki chini."

Katika karai zima tulipata muhogo wa sufuria moja ndogo. Uliobaki ulikatwakatwa, sehemu zilizopona zikaanikwa kuwa makopa, na makopa yenyewe yalipokauka yalikuwa na mistari myeusi ambayo mnunuzi wa kwanza aliitazama akaondoka.

Nyumbani kwetu hakuna aliyeliita jambo lile ugonjwa. Baba mdogo alisema ardhi imechoka. Jirani alisema mvua ilizidi, muhogo ukaoza kwa maji. Shangazi alisema mbegu imezeeka, na sasa naona kwamba kati ya wote yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli, ingawa tatizo halikuwa umri wa mbegu bali kile kilichokuwa kikiishi ndani yake. Kilichotupata kinaitwa michirizi ya kahawia ya muhogo, ugonjwa wa virusi ambao hauna dawa, ambao huenezwa na mdudu mdogo mweupe, na ambao huenezwa mbali zaidi na sisi wenyewe. Nimetumia sehemu kubwa ya miaka yangu tangu siku ile kujifunza kuutambua, na ninaandika haya kwa sababu bado ninakutana na watu wanaoamini, kama mama alivyoamini, kwamba shamba la kijani ni shamba zima.

Muhogo una magonjwa mawili makubwa ya virusi, na watu huyachanganya kwa sababu yote mawili huja na inzi weupe. La kwanza ni batobato. Hilo halijifichi: jani linapata mabaka ya njano au meupe yaliyochanganyika na kijani, linapinda, linakunjamana, linakuwa dogo upande mmoja, na mmea wenyewe unadumaa ukawa kama umekatwa. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuonyeshwa batobato mara moja na asiisahau. La pili ndilo lile lililoingia kwenye karai letu. Jani la mmea wenye michirizi ya kahawia halipindi wala halidumai. Umbo lake linabaki kama lilivyo, na kinachobadilika ni rangi tu, tena kwenye majani ya chini yaliyokomaa, pale ambapo njano inaanza kufuata vijishipa vidogo vya jani na kusambaa pembeni mwake kama unyoya, huku majani machanga ya juu, yale ambayo macho ya mpita njia huyafikia kwanza, yakibaki safi kabisa.

Ugonjwa huu haukutujia kutoka ng'ambo. Mwaka 1894 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Otto Warburg, alieleza batobato ya muhogo wa Usambara, na mwaka 1936 H. H. Storey, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, juu ya milima hiyo hiyo, ndiye aliyeieleza kwa mara ya kwanza michirizi ya kahawia. Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walifanya kazi ambayo mpaka leo wazalishaji wa mbegu wanaitegemea: walichavusha muhogo na jamaa yake wa mwituni, ule mti wa mpira wa Ceará ambao ulipandwa katika mashamba ya wakoloni wa Kijerumani, wakarudia kuwachavusha watoto wake na muhogo kizazi baada ya kizazi mpaka wakapata mimea yenye mizizi ya kuliwa na yenye nguvu ya kuhimili virusi. Mbegu iitwayo Namikonga kwetu, na Kaleso huko pwani ya Kenya, inahusishwa na kazi hiyo ya Amani. Nilipolisoma jambo hili kwa mara ya kwanza nilihisi uchungu wa aina yake, kwamba maarifa yaliyozaliwa Tanga yalikuwa na miaka zaidi ya sabini na bado hayakuwa yamefika Mkuranga, mwendo wa siku moja kwa basi, jikoni kwa mama yangu.

Kwa miongo mingi ilidhaniwa kuwa michirizi ya kahawia ni shida ya watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Nyasa, na kwamba juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari haiwezi kuenea. Watu wa pwani walikuwa wamezoea kuishi nayo kwa njia yao: walichimba muhogo mapema, miezi minane au tisa, kabla uozo haujafika mbali. Ni njia yenye busara, lakini ni ya hasara pia, kwa maana muhogo ni ghala la mkulima lililoko ardhini, na anayelazimika kulifungua ghala kabla ya wakati hana akiba tena ya miezi ya njaa. Mama hakuchimba mapema mwaka ule kwa sababu alikuwa akiuweka muhogo kwa ajili ya Ramadhani.

Mwaka 2004 ugonjwa ukaonekana Uganda, katika nyanda zilizo juu ya mita 1,000, na kuanzia hapo haukusimama. Ukaenea kuzunguka Ziwa Victoria, ukaingia Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Uganda ilikuwa haijapona vizuri kutokana na batobato kali ya miaka ya 1990, iliyosababishwa na kirusi kilichozaliwa kwa kuchanganyika kwa virusi viwili vya batobato, na ambayo ilisonga mbele kwa kilomita 20 hadi 30 kila mwaka mpaka wakulima wa wilaya nzima nzima wakaacha kupanda muhogo. Mbegu mpya zilizotolewa kuwaokoa na batobato ndizo zilizokuja kuangushwa na michirizi ya kahawia, kwa kuwa kuhimili ugonjwa mmoja si kuhimili mwingine.

Nimwelezee sasa mdudu mwenyewe, maana anastahili kutazamwa kwa karibu. Yeyote aliyewahi kuchuma kisamvu asubuhi anamjua, hata kama hajawahi kumwita kwa jina. Unaposhika tawi la juu, linatokea wingu dogo la vumbi jeupe, vumbi linaloruka, likakuzunguka usoni kisha likarudi lilikotoka. Hao ndio inzi weupe. Kila mmoja ana urefu wa takriban milimita moja, mwili wa manjano hafifu, na mabawa yaliyopakwa unga wa nta. Ukitaka kuwaona vizuri usitikise. Nenda asubuhi kabla jua halijawachangamsha, shika ncha ya jani changa kwa vidole viwili, uligeuze polepole kana kwamba unageuza ukurasa wa msahafu wa zamani, na utawakuta wamejipanga chini ya jani wakinyonya. Watafiti wanapotaka kujua wingi wao huhesabu waliomo kwenye majani matano ya juu. Watoto wao hawaruki. Ni vigamba vidogo vinavyonata chini ya majani ya kati na ya chini, na pale walipo wengi utaona majani yaliyo chini yao yameng'aa kwa utomvu mtamu wanaoutoa, kisha utomvu huo ukaota ukungu mweusi kama masizi ya jiko la kuni.

Inzi huyu hubeba magonjwa yote mawili, lakini hayabebi kwa namna moja, na tofauti hiyo ndiyo iliyobadilisha kabisa jinsi ninavyofikiri. Virusi vya batobato vikishaingia mwilini mwake hukaa naye kwa siku nyingi, kwa hiyo anaweza kuchukuliwa na upepo kutoka shamba hadi shamba akafika akiwa bado ana mzigo. Virusi vya michirizi ya kahawia hushika kwake kwa muda mfupi. Anavichukua kwa dakika chache za kunyonya, na ndani ya siku mbili hivi vinakuwa vimempotea. Ilichukua muda mrefu sana kulithibitisha jambo hili: Storey alimshuku inzi mweupe tangu miaka ya 1930, lakini jaribio lililoonyesha wazi kuwa ndiye anayeeneza lilichapishwa mwaka 2005. Katika jaribio jingine la shambani, lililochapishwa mwaka 2017, ugonjwa ulipoachwa uenee wenyewe kutoka kwenye mimea iliyougua haukuvuka takriban mita 17 katika msimu mmoja.

Mita 17 ni kama kutoka mlango wa nyumba yetu hadi kisimani. Basi inzi anaweza kuupeleka ugonjwa kwenye jaruba la jirani, na msimu unaofuata kwenye jaruba la jirani wa jirani. Hawezi kuupeleka kutoka Mkuranga hadi Sengerema, kule kando ya Ziwa Victoria.

Mimi niliupeleka. Mwezi Oktoba 2007 dada yangu mkubwa, aliyeolewa Sengerema, alinipigia simu akisema muhogo wa kule hauna ladha, anataka mbegu ya nyumbani. Nilikwenda shambani kwa mama nikachagua mimea iliyosimama wima zaidi, iliyo mirefu, yenye majani ya kijani zaidi. Nilikata pingili kwa panga moja, nikazifunga mafungu matatu kwa kamba ya katani, nikayaweka begani hadi barabarani, na kutoka hapo yakapanda basi pamoja nami. Dada alifurahi kupita kiasi. Aliyapokea yale mafungu kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto.

Siku ya lile karai la Ramadhani, baada ya kufuturu, nilimpigia. Nilimwomba achimbe shina moja au mawili, akate, aniambie. Kesho yake asubuhi alipiga yeye. "Mdogo wangu," akasema, "imeoza. Na mimi wiki iliyopita nimeshawagawia watu wanne mbegu, wifi yangu, mama mkwe na majirani wawili, wameshapanda na mvua." Sikuwa na la kumwambia. Mpaka leo sijui la kumwambia, ila nimerudi Sengerema mara kadhaa na kuingia katika mashamba yale manne pamoja na wenyewe, na kung'oa nao.

Sababu ya kutokea hivyo ni namna muhogo unavyopandwa. Mahindi yana mbegu ya punje, na virusi vingi haviwezi kupenya kuingia kwenye punje. Muhogo tunapanda kipande cha mama mwenyewe. Kilichokuwa ndani ya shina la mama kimo ndani ya pingili, na kila chipukizi litakalotoka litazaliwa nacho. Ndiyo maana mmea uliotokana na pingili yenye ugonjwa huumia kuliko ule ulioambukizwa na inzi ukiwa umeshakua, na ndiyo maana mkulima anayejichagulia mbegu kutoka shamba lake mwenyewe miaka mitano mfululizo, bila kuchunguza, anaweza kuwa anakusanya ugonjwa kidogo kidogo kila msimu bila kununua wala kuazima chochote. Tena pwani kwetu pingili haziuzwi. Mama hawezi kumwuzia jirani mbegu, ni aibu. Zinaombwa, zinatolewa, zinabebwa. Ukarimu huo ni mzuri na sitaki uondoke. Ninachotaka ni kwamba kabla fungu halijafungwa, mtu aangalie.

Kuangalia kwenyewe kuna utaratibu, na hapa nitachukua nafasi, kwa sababu ndipo wengi tunapokosea. Kosa la kwanza ni kuangalia baada ya majani kuanguka. Watu hukata mbegu mwishoni mwa kiangazi, mmea ukiwa umebaki fimbo tupu, na fimbo haisemi kitu. Shamba la mbegu linapaswa kukaguliwa mmea ukiwa na majani, mara moja ukiwa na miezi mitatu na mara nyingine ukifikisha miezi sita au zaidi, na mimea inayofaa ifungwe kitambaa au kamba ya rangi ili siku ya kukata ijulikane. Kosa la pili ni kuangalia juu. Kwa batobato, juu panatosha. Kwa michirizi ya kahawia lazima uiname, uchague majani ya chini ambayo bado hayajaanza kuzeeka, uyainue kuelekea kwenye mwanga, uangalie kama njano inafuata vishipa. Jani linalozeeka kwa kawaida huwa la njano lote kwa usawa, kisha linaanguka. Jani lenye ugonjwa huwa na njano ya madoadoa au ya unyoya, yenye kijani kilichobaki katikati, na hukaa mtini. Kuna pia utitiri wa kijani, mdudu mwingine kabisa, ambaye huacha vitone vidogo vya njano vingi kwenye majani ya juu na kumfanya mtu adhani ni batobato, na kuna upungufu wa rutuba unaofanana na yote haya. Baada ya majani, pitisha macho kwenye sehemu ya kijani ya shina, pale juu, utafute michirizi au vidonda vya kahawia, kwani ndiyo iliyoupa ugonjwa jina lake.

Halafu chimba. Hakuna njia ya kulikwepa jembe. Zipo mbegu zinazoonyesha dalili kwenye majani na mizizi ikabaki mizima, na zipo nyingine ambazo majani yake hayasemi kitu huku mizizi ikioza, kama ilivyokuwa mbegu ya mama. Ukikata muhogo vipande vitano au sita kwa upana, kuanzia shingoni hadi mkiani, na ukatazama kila uso uliokatwa, utajua zaidi kuliko mtu aliyetembea shambani siku nzima.

Simu nazo sasa zimeingia katika kazi hii. Programu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Penn State University pamoja na taasisi ya utafiti ya IITA, ilifunzwa kwa picha za majani ya muhogo zilizopigwa mashambani Tanzania, inazungumza Kiswahili, na inafanya kazi bila intaneti, jambo ambalo kwa vijiji vyetu ndilo linaloifanya iwe na maana. Unaielekeza kwenye jani, nayo inakuambia kama inaona batobato, michirizi ya kahawia au madhara ya utitiri. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, kwa jani moja moja ilipatia asilimia 65, wakati maafisa ugani walipatia kati ya asilimia 40 na 58 na wakulima kati ya 18 na 31. Ilipoonyeshwa majani sita ya mmea mmoja, ilipatia zaidi. Takwimu hizo za wakulima zilinihuzunisha, lakini hazikunishangaza, maana baba mdogo na shangazi wangekuwa miongoni mwao, na mimi nikiwa na mafungu yangu begani. Ninaitumia Nuru na ninawafundisha wengine. Hata hivyo inapata shida pale dalili zinapokuwa hafifu, na michirizi ya kahawia ni bingwa wa dalili hafifu, na kamera ya simu haiwezi kuona kilicho chini ya udongo.

Pale macho na simu vinapofikia kikomo, ndipo maabara inapoanza. Kipimo cha vinasaba huweza kutambua virusi kwenye jani ambalo halijaonyesha chochote, na kituo cha utafiti cha Mikocheni, Dar es Salaam, kimefanya kazi kubwa ya kupima virusi hivi nchini. Mwaka 2018 kikundi cha watafiti kutoka nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo, kilibeba mashine ndogo ya kusoma vinasaba hadi shambani Kenya, wakapima muhogo wakiwa wamekaa chini ya mti, na mwenye shamba akapata jibu siku hiyo hiyo kwa saa chache. Huko nyuma sampuli iliweza kusafirishwa nje ya nchi na kukaa miezi kabla ya jibu kurudi, na jibu likarudi wakati mbegu imeshagawiwa. Natamani kipimo cha namna ile kingekuwa cha kila wilaya inayolima muhogo, na nadhani fedha zingine za kilimo zinakwenda kwenye mambo yenye faida ndogo kuliko hilo.

Ukishajua, unafanya nini? Watu wengi huniuliza kuhusu dawa ya kupulizia. Mmea ukishaingiwa na virusi hakuna dawa ya kuutoa, na kumpulizia inzi sumu katika zao linalokaa shambani mwaka mzima, tena zao ambalo majani yake tunayala, ni gharama kubwa na hatari kubwa kwa manufaa madogo, kwani inzi hurudi kutoka shamba la jirani na huzaliana ndani ya wiki chache. Ushauri wangu ni ng'oa. Ng'oa mmea wenye dalili ukiwa mdogo, katika miezi ya kwanza, kabla haujawa chanzo kwa wenzake, na panda mbegu yenye asili inayojulikana.

Wakati mwingine huwa nawaza kuhusu minazi. Pwani tumepoteza minazi mingi kwa ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao nao unasababishwa na kijidudu kisichoonekana kinachoishi kwenye mishipa ya mti, na ambao nao wadudu wanyonyaji wanashukiwa kuueneza. Mnazi hauna pingili. Mtu hawezi kuubeba begani kumpelekea dada yake, na hawezi kuanza upya na shamba safi kwa msimu mmoja, maana unachukua miaka kuzaa. Mkulima wa muhogo ana nafasi ambayo mkulima wa nazi hana, ya kuanza upya kila mwaka, na kila nikiona nafasi hiyo ikipotezwa kwa kupanda tena mbegu ile ile roho huniuma.

Katikati ya miaka ya 2010 watafiti walijaribu jambo ambalo mimi nililiona kuwa la ujasiri mkubwa. Katika wilaya ya Chato na katika wilaya yetu ya Mkuranga, jamii zilizokubali zilielekezwa kuondoa muhogo wote uliokuwapo, kisha kupanda kwa pamoja mbegu safi. Kijiji chetu hakikuwamo, lakini nilifuatilia kwa karibu. Hebu fikiria unachoombwa: kung'oa chakula kilichosimama, chenye majani ya kijani, kwa sababu mgeni amekuambia kina ugonjwa ambao wewe hujauona. Aliyechimba akakuta uozo atakubali. Lakini yule ambaye muhogo wake bado haujaoza, na watoto wake wanaula kila siku, anakubali kwa kuwafikiria majirani, na hilo si jambo dogo. Ilionekana kwamba ugonjwa ulikuwa mdogo zaidi katika maeneo hayo kuliko katika yale yasiyofanya hivyo, ingawa ulirudi taratibu misimu ilivyopita, kama ilivyotarajiwa, kwa kuwa inzi yupo na mipaka ya kijiji haina ukuta. Mimi nilichojifunza hapo ni kwamba mkulima mmoja akisafisha shamba lake peke yake, katikati ya mashamba machafu, anajinunulia msimu mmoja au miwili tu.

Mbegu safi zinapatikana kuliko zamani. Vituo vya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, kama Kibaha, Naliendele na Ukiriguru, vimetoa aina zinazostahimili: Kiroba imekuwa maarufu pwani kwa miaka mingi, na mwaka 2014 zikaja Mkuranga 1, Kipusa, Chereko na Kizimbani. Kustahimili virusi si kutoambukizwa kabisa. Kiroba inaweza kuwa na virusi na bado ikakupa muhogo wa kula, na hapo kuna hatari yake, kwani mwenye Kiroba anaweza kuwa anaulea ugonjwa kwa ajili ya jirani mwenye mbegu dhaifu. Wapo wajasiriamali wa mbegu za muhogo vijijini, wanaochukua mbegu ya msingi, wanaipanda mbali na mashamba mengine, na wakaguzi wa TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, wanaingia kuhesabu mimea inayougua kabla ya kuwaruhusu kuuza. Shamba likizidi kiwango halipiti. Nimeshuhudia mmoja akikataliwa ekari nzima, akakaa chini akalia, na mwaka uliofuata alikuwa wa kwanza kung'oa kila mmea uliomtia shaka.

Mama bado analima. Mwaka jana, mwezi Februari, nikiwa nyumbani, jirani alikuja asubuhi akapiga hodi, akamwamkia mama, wakaulizana hali za nyumbani, kisha akasema amekuja kuomba mbegu kidogo, mvua za masika ziko karibu. Mama alisimama, akachukua jembe na kisu, akamwambia, "Twende." Tulifuatana watatu. Kwenye safu ya mimea iliyofungwa vitambaa vyekundu alichagua mitatu, akachimba kila mmoja, akaweka mihogo juu ya gunia na kuanza kukata kwa upana, kipande baada ya kipande, akimwonyesha jirani kila uso. Mmea wa kwanza ulikuwa mweupe hadi mkiani. Wa pili pia. Wa tatu, kwenye kipande cha nne, palikuwa na doa moja la kahawia, dogo kama punje ya mtama.

"Hizi sikupi, mama," alisema, akayasogeza mashina yale pembeni. "Mihogo kaa nayo, ule. Jumatatu nakwenda kuchukua mbegu kwa yule kijana wa barabarani, nitakuchukulia na wewe mafungu mawili."

Jirani alitazama safu ile yote ya kijani, mimea mirefu kuliko yeye, akatikisa kichwa. Kisha akainama, akachukua kile kipande chenye doa, akakisogeza karibu na macho.

"Nionyeshe tena," akasema.